Dirisha la Kaskazini

Nyumba yetu ya Kinondoni ina dirisha kubwa kuliko mlango, na linatazama kaskazini. Wageni hulisifu. Husema aliyejenga hapa alikuwa mtu mwenye macho. Mimi huwaacha waseme, kisha huwakaribisha chai uani, kwa sababu chumba chenye dirisha hilo sikikalii hata leo. Ukutani mle imetundikwa picha ya mama, ya rangi za mafuta, kazi ya baba. Mama amekaa kwenye kiti cha mikono, ameshika kipepeo cha ukindu cha kupepea mkaa. Kitenge kimekamilika, mikono imekamilika mpaka kwenye kucha. Uso haupo. Pale penye uso pana rangi ya kahawia iliyokwanguliwa, na wageni wakiuliza huwa najibu kwamba mchoraji aliishiwa muda, jambo ambalo ni uongo. Aliyeishiwa muda hakuwa mchoraji.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ualimu aliusomea kusini, kwenye chuo cha misheni, miaka mingi kabla ya Uhuru, na huko alifundishwa kuchora na bibi mmoja wa Kiingereza ambaye hata wakati huo alikuwa ameshazeeka. Bibi huyo alijifunza uchoraji London akiwa msichana, katika miaka ya mwisho kabla ya vita kuu ya kwanza, akaja huku na misheni na hakurudi tena. Kwa hiyo alichomfundisha baba ni kile alichokiacha kwao siku alipopanda meli. Kwao walishakitupa zamani. Kwenye chuo kile, katikati ya mikorosho, kiliendelea kuishi kana kwamba hakuna lililotokea duniani.

Bibi huyo alipokufa alimwachia baba kitabu cha picha. Kilikuwa kizito, na kila picha ilifunikwa kwa karatasi nyembamba ya kuonyesha upande wa pili. Jumapili baada ya misa baba alikiweka mezani, sisi tukanawa mikono, akafunua. Nikiwa mtoto niliijua Uingereza ile kuliko nilivyoijua Temeke. Wanawake waliovaa hariri nyeupe wamekaa, hawana kazi. Meza ya chai imeandaliwa na hakuna anayekunywa. Bwana mwenye masharubu amesimama na mbwa wake, na kati yao wawili anayeonekana kuwaza ni mbwa. Bustani zimekatwa majani vizuri na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Niliuliza mbona watu hawa hawapiki wala hawafui, baba akasema walikuwa na watu wa kuwafanyia. Nikauliza hao watu wako wapi. Akafunua ukurasa mwingine akanionyesha mlango, na mlangoni msichana wa kazi ameshika trei. Trei ilikuwa ya fedha, inang'aa, na mkono wake uling'aa kwa sababu ya trei. Usoni palikuwa giza.

"Mbona huyu hana uso?" nikauliza.

"Anao. Mwanga haumfikii."

"Si wamsogeze?"

"Mwanga ni wa mwenye nyumba," baba akasema, na akaendelea kufunua.

Picha moja tu ilimvuta mama. Ilikuwa ya maskini waliojipanga kwenye theluji nje ya mlango mkubwa wakingoja kupewa supu, wamechorwa wote kwa rangi ya udongo. Mama aliinama akaitazama mpaka sisi tukachoka. "Kumbe na kwao wapo," akasema, akarudi jikoni kwake.

Baba alitusimulia habari za waliochora picha hizo kama watu wengine wanavyosimulia habari za mashehe au watakatifu. Walipewa nishani na mfalme. Matajiri waliwaletea wake zao wachorwe, wakapanga foleni. Halafu wakaja vijana, wakaanza kuvunja nyuso: pua pembeni, jicho juu ya jicho. Dunia ikawafuata hao vijana. Wazee wale wakafa majumbani mwao hakuna anayebisha hodi, na picha zao zikauzwa kwa sababu ya fremu tu. Bibi alikuwa akilisimulia hilo analia, baba alituambia, na sauti yake mwenyewe ikawa nzito. Naye, mtoto wa mkulima wa mihogo, akajiona ndiye aliyeachwa ashike zamu.

Sasa dirisha. Bibi alimfundisha kwamba chumba cha mchoraji lazima kiwe na dirisha moja tu, refu, lenye kutazama kaskazini. Mwanga wa kaskazini hauhami. Jua halipiti upande huo kamwe, asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo kivuli cha pua kinabaki pale pale na mchoraji anafanya kazi kwa raha. Na kwa Uingereza ni kweli. Kwetu Dar, kuanzia masika yanapokaribia kwisha mpaka kipupwe kipite, jua linakaa upande wa kaskazini. Hilo hata kuku wanalijua, maana ndio miezi wanayohamia kivulini upande wa kusini wa nyumba. Baba alilijua pia. Alilima na babu, alianika mihogo, alijua jua linalala upande gani. Lakini mambo ya mihogo aliyaweka kwenye kapu moja na mambo ya uchoraji kwenye kapu jingine, na makapu hayo hayakuwahi kukutana.

Alipopata kiwanja Kinondoni, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, fundi mwashi alimwachia chumba cha mbele dirisha la kusini, kwa sababu kila mtu anajua upepo wa kusi unatoka wapi. Baba akamwambia azibe. Fundi akacheka, akidhani ni utani. Baba akaziba mwenyewe, kwa matofali ya saruji, akapiga lipu mpaka ukuta ukawa laini. Kisha upande wa kaskazini akatoboa lile dirisha lake, akaweka kioo kikubwa kisichofunguka, maana chumba cha bibi huko London kilikuwa hivyo.

Mwezi wa sita ukaingia. Jua likaingia asubuhi kwenye kona ya kulia ya kioo, likatambaa sakafuni kutwa nzima, likatokea jioni kona ya kushoto. Chumba kikawa tanuri. Baba alisimama katikati ya lile jua, ameshika brashi, na nakumbuka alichosema kwa sababu mama alicheka mpaka akashika mlango.

"Mwaka huu jua limepotea njia," alisema.

Likapotea mwaka uliofuata, na uliofuata. Alitundika shuka, alitundika karatasi za kufungia maandazi zilizolowa mafuta ili kupunguza ukali. Miezi ya Desemba na Januari, jua likiwa limehamia kusini, dirisha lilifanya kazi yake, ila hapo joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa na kioo hakifunguki. Hakuwahi kutamka kwamba bibi alikosea. Nadhani angeweza kusema Papa amekosea kabla ya kusema hilo.

Shuleni nako mambo yakabadilika. Kipindi cha kuchora kikafutwa, watoto wakapewa majembe, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na shamba la shule lilihitaji mikono. Baba akapewa kazi ya kuchora mabango ya wakulima. Akayachora kwa moyo wote. Wakulima wake walisimama wameshika majembe, mwanga laini ukiwapiga kutoka kushoto, wamepumzika kama mabwana wale wenye mbwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuyaona, akazunguka, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hawa wakulima wako mbona hawana jasho? Hii ni kasumba, bwana."

Baada ya hapo baba alichora nyumbani tu, na mtu aliyebaki kuchorwa alikuwa mama.

Mama alikuwa na pumu tangu utotoni, na baadaye moyo nao ukaingiwa na matatizo. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza shule, nafanya kazi kwenye duka la ushirika, na kila jioni nikirudi nilimsikia anavyopumua kabla sijavuka kizingiti. Daktari alisema akae penye hewa. Alisema pia asilale chali, alale amekaa. Vyumba vya nyuma vilikuwa vidogo, na kiti pekee cha kumwegemeza mtu usiku kucha kilikuwa kile cha mikono, cha baba cha kuchorea. Kwa hiyo mama akahamia chumba cha mbele. Mchana kiti kile kilikuwa cha picha na usiku kilikuwa kitanda chake, mbele ya kioo kisichofunguka, katika harufu ya tapentaini.

Mwanzoni tulimtoa barazani na kiti chake. Baba hakupenda. Alishachora alama za chaki sakafuni pale miguu ya kiti inapokaa, na kila tulipokirudisha alipiga magoti kutafuta alama zake, akasema bega limehama, kivuli kimehama, kazi ya wiki imepotea. Ikafika mahali mama mwenyewe akakataa kutolewa, ili kuepuka kumwona anapiga magoti.

Sikumwelewa baba, nikamwambia hivyo. Tulikuwa uani, mama hasikii.

"Mama hana hewa mle, na wewe unamchora!"

"Hana picha hata moja," akanijibu. Ilikuwa kweli, mama aliikimbia kamera maisha yake yote. "Unadhani sioni anakokwenda? Mie naona kuliko wewe. Ndiyo maana nachora."

Siku moja, ilikuwa mwanzo wa kipupwe na kusi imeanza kuvuma, mama alinyoosha kipepeo chake kuelekea ukuta wa kusini. Nje tulisikia minazi inavyopiga kelele kwa upepo. Ndani hapakutikisika hata uzi.

"Mwalimu," alimwita hivyo siku zote, "kule nyuma ya lipu si kuna dirisha? Nitobolee. Hata tundu la kupitisha mkono."

Baba aliweka brashi chini. Akamweleza kwa upole kabisa, kama anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza, kwamba mwanga ukitoka pande mbili unaua uso. Vivuli vinafutana. Uso unakuwa bapa kama sahani.

"Nikimaliza uso," akasema, "siku hiyohiyo nalibomoa. Nakuahidi."

"Basi umalizie, Mwalimu," mama akasema.

Tangu hapo tukawa sote tunangoja uso. Mimi nilikuwa nikiingia kutoka kazini sisalimii kwanza, natupa jicho kwenye picha. Mikono ilishaisha. Kile kitenge chake cha kijani, ambacho kilishapauka kwa kufuliwa, baba alikichora kinang'aa kama hariri. Kiti kilishaisha. Usoni kila siku palikuwa na kitu kipya asubuhi, na kila jioni hapana kitu.

Shida ilikuwa rangi ya mwili. Bibi alimfundisha namna moja ya kuichanganya: nyeupe nyingi, njano ya udongo kidogo, nyekundu ya kuonja tu. Kwa rangi hiyo baba aliweza kumchora Mwingereza yeyote mwenye afya. Alipojaribu kuifikisha kwa mama, akiongeza kahawia, ikawa kijivu. Akiongeza nyekundu, mama akawa mtu aliyepakwa udongo wa mfinyanzi. Mikono aliiweza kwa sababu aliiweka kivulini, na kivulini watu wote wanafanana. Uso ulipaswa kuwa mwangani, na kwa mwangani bibi hakumwachia neno lolote. Na hata siku alizokaribia, jua lilikuwa linaingia na kutembea juu ya mama, likimpiga shavu saa nne, paji la uso saa sita, sikio saa tisa, kila saa mtu mwingine. Jioni baba alichukua kisu chake kifupi akakwangua uso wa mama mpaka kwenye kitambaa cha picha. Ile sauti ya kukwangua ndiyo siipendi. Mpaka leo nikisikia mtu anaparuza magamba ya samaki naondoka.

Mama alijitahidi kumsaidia. Hilo ndilo linalonichoma. Mtu mwenye pumu anapumua kwa mwili mzima, mabega yanapanda, shingo inavutika, na baba alikuwa akisema, "Tulia kidogo, mama. Tulia tu hapo." Naye alijaribu kutulia. Nilimwona akiibana pumzi, macho yamemtoka, jasho linamtiririka kwa lile jua la kioo, ili mwenzake apate mstari wa taya. Akishindwa alikohoa, kisha akaomba samahani. Aliomba samahani kwa kupumua.

Nilitaka kuubomoa ule ukuta mimi mwenyewe. Nilishafika mpaka kwa jirani kuazima nyundo. Mama ndiye aliyenikataza. "Mwache baba yako," alisema, kwa vipande vipande. "Akikosa hii, hana kingine."

Alifariki mchana, mwezi wa saba, tumetoka kula. Baba alikuwa anachanganya rangi, amempa mgongo. Nilikuwa nakunja nguo mlangoni na nikasikia nyumba imenyamaza, ile sauti ya kifua iliyojaa nyumba mwaka mzima haipo. Baba naye akaisikia. Akageuka akasema, "Ehee, hivyo hivyo," kwa furaha, kwa sababu mama alikuwa ametulia. Kisha akaelewa. Kipepeo kilikuwa kimeshuka sakafuni.

Kaka yake mama, mjomba, alifika siku iliyofuata kwa basi la kusini, amejaa vumbi. Maiti tulishaileta kutoka kuoshwa, jeneza limewekwa kwenye chumba cha mbele ili watu waage, na akina mama wamejaa mikekani wanaimba, wanapepeana kwa kanga, wawili wameshazimia kwa joto. Jua lilikuwa limejaa kiooni. Mjomba aliingia, akamtazama dada yake usoni, akatazama kioo, akatazama kuta. Aliuliza mbona hakuna dirisha lingine. Nikamwonyesha mahali lilipokuwa. Nikamwambia pia kwamba mama aliliomba.

Mjomba alitoka kwenda uani akarudi na nyundo na tindo, akawaomba akina mama wasogee, akampita baba aliyekaa chini karibu na jeneza, akaanza kugonga. Lipu ilianguka vipande vikubwa. Baba hakumzuia. Vijana wawili wakamsaidia, na tofali la kwanza lilipoangukia nje, kusi ikaingia. Akina mama waliacha kuimba. Kanga zilizofunika jeneza zikainuka pembeni, na watu wakavuta pumzi kwa pamoja, wenye afya zao.

Mjomba akashusha matofali mpaka shimo likawa dirisha kamili. Kisha mtu mmoja akasema kioo kile kinamchoma marehemu, akakitundikia blanketi. Hapo ndipo nilipouona ule mwanga. Ulitoka kusini, upande wa kivuli wa nyumba, ambako kuku walikuwa wanapumzika. Haukuwa na jua ndani yake. Ulikuwa umelala juu ya uso wa mama, laini, bila kusogea, upande mmoja una nuru na upande mwingine unaingia gizani polepole, na weusi wake ulikuwa weusi wake, haukuwa kijivu wala udongo. Nilikaa pale toka saa nne mpaka saa nane, na kivuli cha pua yake hakikuhama.

Baba alikuwa anautazama. Nilijua anautazama kwa sababu alikunja jicho moja, kama afanyavyo akipima. Sanduku la rangi zake lilikuwa nyuma yake, brashi ziko kwenye kopo, na picha imegeuzwa ukutani. Alichokuwa amekitafuta miaka yote kilikuwa mbele yake, umbali wa mkono. Kilikuwa nyuma ya lipu aliyoipiga mwenyewe.

Nilipiga magoti karibu naye.

"Baba," nikasema, na walio karibu wote walinisikia, "malizia sasa. Ametulia."

Shangazi zangu walininyamazisha. Wengine walinishika mkono kunitoa nje. Mpaka leo wapo ndugu wanaosema nilimkosea mzazi mbele za watu, na mimi huwaambia neno lile sijalijutia, na sitalijutia.

Baba alisogea kwa magoti mpaka pale kiti kilipokuwa, penye alama zake za chaki, akaokota kile kipepeo cha ukindu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiokota tangu jana. Akarudi kwenye jeneza. Upepo wa kusi ulikuwa unaingia mwingi, unamtikisa ukosi wa shati, na yeye akaanza kumpepea mama usoni, polepole, hakuacha mpaka walipokuja na kifuniko.